Mama Ganzi Aliyekataa Kulipwa kwa Kichwa

Ndugu na majirani mliotushika mkono tangu Jumanne, familia imenisimamisha mimi, mdogo wake wa kiume, niwasimulie maisha ya dada yetu, daktari wa meno ambaye wengi wenu mlimwita Mama Ganzi, nami nitajikaza nifike mwisho.

Alizaliwa tarehe 4 Machi 1958, kifungua mimba wa fundi cherehani na mkunga, akasoma shule ya msingi iliyo nyuma ya soko, akaenda sekondari ya bweni, na mwaka 1983 akahitimu udaktari wa meno. Mwaka 1986 alifunga ndoa na shemeji yetu, seremala, wakajaliwa mabinti wawili. Hakuwa malaika, alikuwa mkali, na watoto wa ukoo mzima walificha peremende waliposikia anabisha hodi.

Mwaka 1994 alifungua kliniki kwa mkataba na serikali, ili wasio na uwezo watibiwe bure, lakini mkataba ule ulilipa kiasi kilekile kwa kila mgonjwa, awe na jino moja bovu au manane, hivyo kliniki nyingi zikawa zinang'oa harakaharaka, au zinamwambia mwenye kinywa kilichoharibika kwamba nafasi zimejaa. Dada hakumfukuza mtu, aliziba, akatibu mizizi, akamwita mgonjwa tena na tena, na kila mwaka takwimu za wizara zikamwonyesha kama mvivu.

Mkataba ulipokwisha mwaka 2006, ofisa wa mikataba alimuuliza mbele ya wenzake, "Daktari, mbona wenzako wanaona wagonjwa mara mbili yako?" Naye akajibu, "Kwa sababu ninyi mnalipa vichwa, na mimi natibu meno." Watu walicheka, yeye hakucheka, akakataa kutia saini, huku akijua anajifungia mlango wa riziki. Shemeji aliniambia, "Dada yako katuachia njaa, ila kasema kweli," na miezi yote ile akailisha nyumba kwa randa na msumeno, bila kununa.

Ndipo ofisa yule akaja mwenyewe kliniki, akamkuta dada akimtibu bila malipo msichana aliyekataliwa kwingine kote, anayeongea huku ameziba mdomo kwa kiganja, akaketi akatazama kazi ile hadi jioni, akaondoka kwenda kuwasimulia wakubwa wake wizarani. Mwaka 2008 ulitoka mkataba mpya, unaolipa kulingana na kazi iliyofanyika kinywani, na dada akausaini.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021, akatibiwa kwa uvumilivu mkubwa, hadi alipotutoka alfajiri ya Jumanne, tarehe 11 Juni 2024.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliopika na kukesha nasi, na wafanyakazi wenzake, ambao wameniomba niwatangazie kwamba wenye miadi ya Jumatatu waje, binti yake mkubwa, naye daktari wa meno, atawapokea, kwani ndivyo alivyoagiza mama yake.

Dada, tumekusikia, sasa pumzika.