Nyuzi Nene za Mzito

Anayewasomea ni shangazi wa marehemu, ila maneno ni ya mama yake mzazi. Asipunguze hata moja.

Marehemu alizaliwa Alhamisi, tarehe 4 Machi 1971, katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha nguo, chumba cha pili kutoka bombani. Alikuwa kifungua mimba. Mashine za kufumia zilikuwa zimeshaanza kula masikio ya mama yake, kwa hiyo mtoto huyu alijifunza mapema kuvuta gauni kwanza, kulia baadaye.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1985. Walimu walilalamika anapiga madawati kama ngoma. Shule haikumkaa, tusidanganyane. Akajifunza kuchomelea, na mageti yake hadi leo hayajalegea bawaba. Jioni alipiga gitaa la besi katika bendi ya hoteli.

Mara ya kwanza mama yake alipokwenda kumsikiliza, alimwambia, "Mwanangu, nimeona vidole vinakimbia tu."

Kesho yake kijana akaenda dukani kutaka nyuzi nene kuliko zote, zile zilizozungushiwa waya bapa, laini kama utepe, ambazo hazipigi kelele, zinanguruma. Muuzaji akamwambia, "Kaka, hizo zimedoda. Vijana wanataka zenye sauti kali."

"Nifungie hizo hizo."

Hazikuenea kwenye vijifereji vya gitaa. Akavitanua kwa tupa yake ya kazini, taratibu, huku wenzake wakimcheka: "Nyuzi hizo, au kamba za kufungia ng'ombe?" Hapo ndipo jina la Mzito lilipomganda, naye mwembamba kama mpini wa ufagio.

Mama yake aliporudi kumsikiliza, Mzito akashusha spika sakafuni, karibu na kiti cha mama, akapiga. "Mama, unasikia?"

"Kiti kinanguruma na kifua kinanguruma. Sasa ndiyo unasema!"

Tangu siku hiyo hakufunga nyuzi za aina nyingine.

Jumamosi, tarehe 12 Desemba 1998, alimuoa fundi cherehani wa mtaa wa nyuma. Besi ya harusi aliipiga mwenyewe, bibi harusi akacheza na mama mkwe.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2023. Aliposhindwa kushika gitaa, aligonga kwa kidole chuma cha kitanda cha hospitali, mama yake akiwa ameweka kiganja hapo hapo. Akauliza kwa midomo, "Umesikia?" Akajibiwa kwamba amesikika. Alifariki Jumanne, tarehe 9 Julai 2024, alfajiri.

Mpiga solo wa bendi alikuja kuomba gitaa lifungwe nyuzi mpya kwa ajili ya leo, eti hizi zimechakaa. Nimekataa. Atapiga na hizo hizo. Spika ikae chini, karibu na kiti changu, na mtu asije kuniuliza kama inanisumbua.

Ameacha mama, mjane, mabinti wawili na mjukuu mmoja ambaye tayari anapiga meza.

Pumzika, mwanangu. Umesikika.