Tope la Bondeni kwa Advera

Treni ilipotoka stesheni ya Igalula, mama mmoja mkulima aitwaye Advera alimuuliza binti aliyeketi naye kwa nini amepakata mifuko ya tope. "Shikamoo mama. Ni tope la kijito cha Igalula, nalipeleka maabara Tabora," alijibu binti, jina lake Najiat. "Watu wa kampuni wanataka kuchimba makaa ya mawe kule juu. Tunapima kabla hawajaanza, ili maji yakiharibika baadaye tujue yalikuwaje."

"Marahaba. Bonde la kijito hicho ndimo ninamolima mpunga. Tope likiwa safi, watachimba?"

"Wanaweza kuchimba, mama."

"Na likiwa chafu?"

"Watasema lilikuwa chafu tangu zamani."

Mimi, niliyeketi mbele yao, nilikuwa nasoma gazeti la juzi kwa bidii isiyo ya kawaida.

Advera alishika mfuko mmoja, akauminya taratibu. "Basi mwanangu, andika kwamba hapo pana watu wanakula."

"Fomu haina nafasi ya maneno hayo, mama."

"Andika pembeni."

Najiat akatoa kalamu na fomu. Treni ikasimama Tabora, abiria wakasimama kati yetu, sikuona alichoandika.