Ubao wa Mwalimu Vimala

Benchi la jiwe lililo mbele ya kibanda cha kahawa cha Kamalamma, kwenye kona ya barabara ya hekalu mjini Mysuru, lina nafasi ya watu watatu, na kila asubuhi hukaliwa na wanne. Jumamosi hiyo wa mwisho kufika alikuwa Siddappa, mwandika mabango, ambaye wenzake humwita Brashi. Alikuja na ubao uliopakwa rangi nyeupe ikakauka, na kopo la rangi ya buluu. Mwalimu Vimala, mstaafu wa shule ya wasichana, alikuwa anafungua darasa la yoga katika ukumbi wa mtaa, na alimtaka Siddappa aandike juu ya ubao: DARASA LA YOGA, JUMATATU, UKUMBI WA MTAA. Chini yake aweke maneno machache juu ya asili ya yoga na faida zake, ya kuwavuta watu, na maneno hayo akaulizane na wazee wenzake. Lakini ilikuwa saa tatu, saa ya Rahu, saa ya mkosi, imeshaingia, na mpaka saa nne na nusu hakuna mtu mwenye akili zake ambaye angeanza jambo. Hivyo walikuwa na saa moja na nusu ya kubishana, na kwa benchi lile hiyo ni neema.

— Kamalamma, kahawa mbili kwa wanne, aliagiza Profesa.

— Mbili kwa wanne, kila siku mbili kwa wanne, alisema Kamalamma akimimina kahawa kutoka juu mpaka ikatoa povu. Siku mtakayoagiza nne nitafunga kibanda niende kutoa shukrani hekaluni.

Profesa hakuwahi kufundisha popote. Alikuwa karani wa vifurushi kwenye reli, lakini alisoma kila gazeti lililofungiwa karanga, na alilisoma mpaka mwisho.

— Andika hivi, Brashi. Yoga ina miaka elfu tano. Kuna muhuri wa jiwe ulifukuliwa kule kaskazini, una mtu amekaa mkao wa kukunja miguu. Elfu tano!

— Mtu kukaa chini ndiyo yoga? aliuliza Bila Mita. Basi na mimi nina miaka kumi na tisa ya yoga ndani ya bajaji yangu.

Huyu aliitwa Bila Mita kwa sababu mita ya bajaji yake iliharibika mwaka alioinunua, na hajapata siku ya kuitengeneza.

— Wewe unakaa. Yule ametulia, alijibu Profesa. Kuna tofauti. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba kimeingiaje hapo?

— Kimeingia. Fikiria.

Bila Mita alifikiri, na kwa kuwa hakuona kitu, akarudi kwenye kahawa yake.

Siddappa alikuwa akisikiliza, ubao umeegemea goti lake. Alitaka kusikia kitu kimoja tu katika mazungumzo yote yale, na alijua hawezi kukiuliza. Tangu sikukuu ya Ugadi bega lake la kulia lilikuwa limekaza. Mkono ulipanda mpaka usawa wa kifua, ukagoma. Mabango madogo aliyaandika ameyalaza mapajani, akawaambia watu kuwa ndivyo herufi zinavyotulia. Lakini mwenye kinu cha mpunga alitaka ukuta wake wa barabarani uandikwe herufi zenye kimo cha mtu, na alitaka jibu Jumatatu. Mashine za kuchapa mabango zilikuwa zimemnyang'anya Siddappa kila kazi isipokuwa kuta. Akisema hawezi ukuta, atabaki mwandishi wa nini?

— Mnapotea wote, ilisema sauti nzito kutoka mwisho wa benchi.

Ilikuwa ya Rudresha, aliyecheza mieleka ujanani katika ile nyumba ya udongo mwekundu nyuma ya soko, na mpaka leo anaitwa Matope.

— Yoga ni mtoto wa mieleka. Baba yangu alikuwa akiwapaka mafuta wapiganaji wa ikulu. Aliona kwa macho yake vijana wa ikulu wakifundishwa kuruka, kujikunja, kusimama kwa kichwa. Hapa hapa Mysuru. Mpiganaji akianguka vibaya, anafundishwa kujinyoosha. Basi. Watu wakaona inapendeza, wakaondoa adui, wakabaki na kujinyoosha.

— Wakaondoa adui! Bila Mita alicheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye kibakuli. Yoga ni mieleka ya mtu mmoja?

— Na ndiyo ngumu kuliko zote. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Mkuu gani tena?

— Mkuu ni mwili. Ukiukatalia, guu linavunjika. Mbona leo una akili fupi hivyo, ndugu yangu?

Siddappa aliona hili la mwisho lina ukweli, ingawa lilitoka mahali pa ajabu. Akalihifadhi.

— Haya, msikilizeni dereva, alisema Bila Mita akijifuta mdomo. Mimi ndiye ninayewabeba wageni alfajiri kuwapeleka kwenye madarasa yao. Wazungu, Wajapani, wote wamekunja majamvi kwapani. Siku moja nikamwuliza mmoja, mama mnene mwenye uso mzuri, mama, yoga ilitoka wapi? Akashangaa. Akaniambia, kwenu! Nikasema kwetu wapi? Mimi nimezaliwa mtaa wa pili kutoka hapa, nyumbani hakuna aliyewahi kutia mguu shingoni. Basi nikakaa nikatafakari kwenye foleni ya mafuta. Nikagundua.

— Tumekwisha, alisema Kamalamma.

— Yoga ilianzishwa na mama zetu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Angalia mwanamke anayepandikiza mpunga, ameinama tangu jua kuchomoza. Angalia anayechora maua ya unga mbele ya mlango asubuhi, anachuchumaa, anageuka, ananyoosha mkono. Wanaume wakakaa barazani wakatazama. Wakasema, hii ni elimu! Wakaipa majina, wakaiandika, wakawakataza wanawake kuisoma.

Kamalamma aliweka birika chini.

— Kahawa yako leo ni bure, alisema.

— Mimi sijasema kuwa naikubali, Profesa aliharakisha kusema. Ushahidi uko wapi? Na ile mikao ya wanyama? Wa nyoka, wa mbwa, wa paka, wa nzige?

— Hiyo iko wazi, alisema Matope. Mtu alimtazama paka. Umewahi kumwona paka anaumwa mgongo?

— Na mkao wa maiti? aliuliza Siddappa, kwa kuwa aliwahi kumsikia Mwalimu Vimala akiutaja.

— Huo aliubuni mwanamume aliyetembelewa na mama mkwe, Bila Mita alijibu papo hapo. Alilala chali, macho amefumba, mikono kando, hapumui kwa sauti. Mama mkwe akamtazama, akasema huyu ametulia kweli, tusimsumbue. Siku ya pili kijiji kizima kiko chali.

Hata Profesa alicheka. Ila hakuwa mtu wa kuacha elimu ishuke namna ile bila kuinyanyua, akaanza kuhesabu faida. Yoga huondoa sukari mwilini. Huondoa shinikizo la damu. Hurefusha pumzi, na kila mtu amepimiwa idadi ya pumzi zake tangu kuzaliwa, kwa hiyo anayepumua polepole hufa kwa kuchelewa.

— Bandu bandu huisha gogo, aliunga mkono Matope.

— Hilo ni la kumaliza, kaka! alisema Bila Mita. Sisi tunatafuta la kuongeza.

— Usipobandua, gogo linabaki. Si ndivyo?

Waliendelea. Yoga huotesha nywele, alisema Matope, ambaye hakuwa nazo. Yoga ilimpa shemeji yake Bila Mita ushindi katika kesi ya shamba iliyokaa mahakamani miaka kumi na minne, maana alitulia mbele ya hakimu wakati mpinzani wake anatokwa jasho. Profesa aliongeza kuwa ng'ombe wa jirani yake hutoa maziwa zaidi tangu jirani aanze kuvuta pumzi zizini. Ilipofika hapo, Siddappa alikohoa, akauliza kama anayetania:

— Na viungo? Mtu mzima, kwa mfano. Kiungo kikishakaza, kinafunguka?

— Samaki mkunje angali mbichi, alisema Profesa kwa uhakika wote. Akishakauka, ukimkunja anakatika.

Siddappa alitazama chini, akaanza kukoroga rangi ambayo haikuhitaji kukorogwa.

Saa nne na nusu ilipogonga Profesa alitazama saa yake, akaacha dakika mbili za tahadhari zipite, akatoa ruhusa. Siddappa akaulaza ubao mapajani. Aliandika kwa utulivu, herufi za Kikannada zilizojaa kama tumbo la mtungi, na benchi likamtajia, kila mmoja fungu lake. Alipomaliza, ubao ulikuwa umejaa mpaka ukingoni. Yoga, ulisema chini ya tangazo, ina miaka elfu tano, imelelewa na wapiganaji wa ikulu na mama zetu mashambani, na huleta afya, pumzi, nywele na ushindi. Walisimama wote kuutazama. Ulikuwa ubao mzuri. Hakuna mtaa mwingine wa Mysuru ambao ungekuwa na ubao kama ule.

Mama mmoja aliyekuwa akipita na kikapu cha asmini kichwani akasimama nao. Alikuwa mgeni pale, wiki hiyo ndiyo kwanza amehamia barabara ya hekalu, anauza maua, anapima nyuzi zake kwa mkono wake kuanzia kiwiko mpaka ncha ya kidole. Aliitwa Gauramma.

— Mmeandika nini, wazee wangu? Mimi sijui kusoma.

Walimsomea kwa zamu, kila mmoja kwa sauti ya mwenye mali. Gauramma alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza. Akakitua kikapu chini, akajishika kiuno.

— Mgongo wangu huu ni wa kukaa chini kutwa. Hiyo Jumatatu, inaanza saa ngapi?

Profesa aliusoma ubao upya. Matope alimtazama Bila Mita. Bila Mita alimtazama Kamalamma, aliyegeuka kusugua birika lililokuwa safi.

— Asubuhi, alisema Profesa hatimaye.

— Asubuhi ya nani, baba? Yangu inaanza saa kumi alfajiri, sokoni, kununua maua.

— Mwalimu atapita jioni, tutamwuliza, alisema Bila Mita. Mama, wewe njoo Jumatatu tu, utakuta watu.

— Nikikuta wameshamaliza, nimeacha maua yangu juani bure.

Siddappa aliinuka.

— Naenda kumwuliza sasa hivi.

— Haraka ya nini? aliuliza Profesa. Ubao umekwisha, kaa umalize kahawa.

— Nataka kujua, alisema Siddappa, na akaona kwamba asipolisema hapo hatalisema tena. Na mimi nakwenda hilo darasa. Bega langu halipandi. Tangu Ugadi.

Alingoja wacheke. Matope alisogeza bilauri yake kidogo kwenye jiwe.

— Tunajua, alisema.

— Mnajua?

— Ndugu yangu, tangu Ugadi unakunywa kahawa kwa mkono wa kushoto. Hapa kwetu, ambako mkono huo haupeleki kitu mdomoni. Ulidhani hatuoni? Ulifikiri hata Kamalamma anakuwekea bilauri upande huo kwa bahati?

— Na lile la samaki, Profesa alisema polepole, lilinitoka tu. Limenitoka vibaya.

Siddappa alimwashiria Gauramma, wakapanda barabara pamoja, yeye mbele na mama na kikapu chake nyuma, mpaka nyumba ya mlango wa kijani.

Mwalimu Vimala alitoka akijifuta unga mikononi. Walipomwuliza saa, aliwatazama wote wawili.

— Sijaipanga. Sikutaka kuchagua saa kisha nikawa peke yangu ukumbini. Nilisema atakayekuja kuuliza, huyo ndiye atakayeichagua. Nyinyi mnaweza saa ngapi?

— Mwalimu, alisema Siddappa, kabla ya saa, hili bega. Kuna ukuta nimeombwa niuandike. Jumatatu ninatakiwa nitoe jibu.

Mwalimu alimwambia aunyanyue mkono. Uliishia kifuani. Hakuugusa, aliutazama tu, kama anavyotazamwa mtoto anayejaribu hesabu.

— Jumatatu hautapanda. Wiki itakayofuata pia hautapanda. Kwanza ukaonwe na daktari, halafu uje na alichosema, tuanze kidogo kidogo. Ikienda vizuri, kufikia sikukuu ya Dasara, mvua zikiisha, unaweza kufika sikioni. Siahidi zaidi ya hapo.

Siddappa aliupima muda huo kichwani, miezi minne ya mvua, ambamo hata hivyo hakuna anayeandika ukuta. Mwenye kinu angeweza kuambiwa: baada ya Dasara. Likikubaliwa, sawa. Lisipokubaliwa, angalau si yeye aliyesema hawezi. Alimgeukia Gauramma.

— Wewe sokoni unarudi saa ngapi?

— Saa mbili. Nikikosa basi, saa mbili na nusu.

— Basi saa tatu, Siddappa alimwambia Mwalimu.

Alirudi kwenye kona kwa hatua ndefu, akaulaza ubao mapajani, akachukua kitambaa chenye tapentaini na kukipitisha juu ya mstari ulioandikwa vizuri kuliko yote.

— Brashi! Unafuta miaka elfu tano! Profesa alipiga kelele.

— Nataka nafasi ya kuandika saa, alisema Siddappa. Kamalamma, kahawa moja. Nzima.