Mama Kanyere na Swali Kabla ya Kukimbia

Wasikilizaji wapendwa, asubuhi njema kwenu mlio hapa Goma na kwenu mlio mbali, redio zenu zikiwa sikioni. Leo tunamkumbuka Mama Marcelline Kanyere wa Katindo. Mwalimu wa hesabu. Kocha wa wasichana. Alitutoka Jumatatu, kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka sitini na saba.

Mliosoma kwake mnamjua. Wengine niwaambie: Mama Kanyere hakuacha mtu apite bila swali. Muuza makaa aliulizwa. Padri aliulizwa, tena akiwa bado na mavazi ya misa. Mimi nilimwalika hapa studio, na kabla hajaketi akaniuliza, hewani, ni mto gani unatoka katika ziwa letu. Nikaweka muziki. Jibu ni Ruzizi, wasikilizaji. Sasa ninalijua, na sitalisahau hadi kaburini.

Alizaliwa Butembo, akaolewa Goma, akafundisha Katindo maisha yake yote. Vita vya mwaka 2008 viliposukuma watu barabarani, alienda kambini Kibati kufundisha watoto waliokimbia. Akatundika ubao kwenye hema. Hakuna aliyekuja. Wasichana walikuwa wameenda kuchota maji na kutafuta kuni, na tumbo lenye njaa halina masikio.

Basi mzungu mmoja wa misaada, akifunga mizigo yake kwenda kwao, akamwachia gunia. Ndani mlikuwa na fimbo nene, mipira, na glovu kubwa za ngozi. Mchezo wenyewe unaitwa softball. Unapiga mpira kwa fimbo, unakimbia, unapita vituo vitatu, kisha unarudi pale ulipoanzia. Pale panaitwa nyumbani.

Wasichana walikuja mbio. Na Mama Kanyere akatia sheria yake: ukifika kituo, hutoki mpaka ujibu swali. Hesabu, jiografia, mwili wa mtu, chochote. Ukikosa, unabaki hapo kama mlingoti.

Mdogo wake, Kambere, mfanyabiashara mwenye lori la vitunguu, ametuambia hivi: "Ile mucezo, dada hakuijua hata kidogo. Alijua tu kama mutoto akikimbia atachoka, akichoka atasimama, akisimama unamuuliza."

Kati ya wasichana hao alikuwemo Bénie. Familia yake ilikimbia kutoka Kalengera na kuacha kila kitu. Bénie alikuwa na kichwa chepesi darasani na mkono mzito kwenye fimbo. Lakini alipokaribia kumaliza sekondari, baba hakuwa na minerval, yaani karo, ya chuo kikuu, wala mtu wa kumlilia. Ndipo habari ikafika: chuo kimoja cha Bukavu kinatafuta wasichana wa michezo, wenye akili darasani, kiwasomeshe bure. Nafasi ilikuwa moja. Bénie hakuwa na mlango mwingine.

Njia ya Rutshuru ilikuwa imetulia kidogo. Mama Kanyere akapanga mechi Kalengera, dhidi ya wasichana wa Rutshuru aliokuwa amewafundisha mwenyewe. Chuo kikamtuma Papa Baharanyi aje kuchagua. Muzee mkimya, mwavuli mkononi, kofia kichwani. Wakapanda lori la Kambere, juu ya magunia.

Kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, askari akafungua gunia la fimbo.

"Mama, hizi silaha munapeleka wapi?"

"Ni vifaa vya masomo, mwanangu."

"Masomo gani ya fimbo mingi hivi?"

"Ya kwetu. Na weye umesimama pa kituo. Nusu ya mia moja na ine ni ngapi?"

Askari akamtazama mwenzake. Mwenzake akahesabu kwa vidole. Kambere anasema walijibu kwa kushauriana, wakapata, wakafurahi sana, wakafungua njia. Papa Baharanyi aliyatazama yote kutoka juu ya magunia.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mambo yalipoharibika.

Mechi ilikuwa sare hadi zamu ya mwisho. Bénie akashika fimbo. Akapiga mpira, ukaruka, ukapotelea katika shamba la maharage. Alihitaji tu kukimbia, apite vituo vyote, afike nyumbani. Ushindi ulikuwa mkononi, na nafasi ya chuo nyuma yake.

Bénie akafika kituo cha kwanza. Akasimama. Akainua kidole, kama darasani.

"Mama, swali!"

Mama Kanyere alikuwa ameamua kwamba siku ya mechi hakuna maswali. Aliamua vizuri kabisa, moyoni mwake. Wasichana ndio alisahau kuwaambia.

"Kimbia, Bénie!" wenzake wakapiga kelele.

"Siyaulizwa!"

Mama akashika kichwa. Akaona kubishana kutachelewesha zaidi. "Saba mara nane!"

"Cinquante-six!" Hamsini na sita. Mbio. Kituo cha pili. Akasimama. "Mama, swali!"

"Mji mukubwa wa Angola!"

"Luanda!" Mbio. Kituo cha tatu. Akasimama. Kidole juu.

Na hapo sauti ya Mama ikakatika. Akafungua mdomo, ikatoka hewa tupu. Kule shambani mpira ulikuwa umeonekana. Bénie amesimama. Kijiji kizima kinalia, kimbia, kimbia! Ndipo Papa Baharanyi akainuka, mwavuli juu:

"Damu ikitoka ku moyo, inapita njia gani?"

"Aorta, papa!"

Akatimka. Mpira ukafika nyumbani kabla yake, akatolewa. Ushindi ukapotea.

Bénie alikaa chini katika udongo wa kijiji chake akalia, kwa sababu aliona mlango umefungwa. Ametuambia: "Siye tulijua kukimbia. Kurudia nyumbani ndio tulikuwa hatujue."

Papa Baharanyi akamkaribia. Akasema: "Batoto ba kupiga mpira niko nabo. Mwenye kungojea swali, nilikuwa siyamuona." Akamchukua.

Leo Bénie ni daktari wa moyo, hapa Goma. Ndiye aliyemtibu Mama hadi mwisho. Na kila asubuhi, mgonjwa ndiye aliyeuliza maswali, na daktari hakuruhusiwa kutoka chumbani kabla ya kujibu.

Juzi tulimzika. Padri alimaliza, watu wakatupa udongo, wakaanza kuondoka. Bénie akabaki amesimama. Kambere akamshika mkono: "Twende, Bénie." Hakusogea.

"Siyaulizwa," akasema.

Sioni aibu kusema kwamba nililia. Kisha nyuma yetu ikatoka sauti ya muzee, amezeeka sana sasa, na mwavuli wake uleule:

"Saba mara nane?"

"Cinquante-six, papa."

Ndipo akatoka.

Kwa Kambere na familia yote, hapa na Butembo, poleni sana. Kwa wasichana wa Katindo na Kibati, poleni. Nanyi wasikilizaji wapendwa, leo mtoto akitaka kuinuka mezani, mwulizeni jambo moja alilojifunza, kisha mngojeeni ajibu. Msimjibie.

Mama Kanyere, pumzika. Wasichana wako wamejibu.