Kiatu cha Farasi Kilichotoka Mlangoni kwa Olivier

Niinueni niketi, wanangu. Wekeni mto mgongoni, maana maneno niliyo nayo leo hayasemwi na mtu aliyelala chali. Elisabeth, wewe uliyenitunza hapa Louisville na kuniogesha bila kukunja uso, zima hiyo televisheni. Olivier, umeendesha gari toka Hilliard, pembeni ya Columbus, usisimame mlangoni kama mdai, kaa. Na wewe Florida, umetoka Buffalo, kule Riverside kwenye baridi isiyo na adabu, umekuja na chupa ya mafuta aliyoyaombea nabii wako Methodi. Iweke mezani, usinipake. Sikuwaita mje kuniombea, nimewaita mnisikilize, na huyo aliye jikoni anayekoroga uji asikie pia, kwa kuwa wosia huu unamhusu yeye kuliko ninyi watatu.

Naanza na mali, kwa sababu ni ndogo na haitanichosha. Gari ni la Elisabeth. Kile kipande cha shamba tulichokiacha kwetu Makamba, waliokikalia wakikirudisha, kilimeni kwa pamoja. Wasipokirudisha, asiende mtu kumwaga damu kwa ajili ya migomba. Mashine yangu ya kunusa vyuma ardhini, ile iliyowafanya mnicheke kwamba mzee amerudi utotoni, nampa Olivier, ajifunze kupiga magoti na kutazama kitu vizuri kabla ya kukitolea hukumu. Na sanduku la viatu vya farasi lililo gereji nitalisema mwisho, maana kwa ajili ya hilo nimekizuia kifo mlangoni wiki nzima.

Kwetu hatukuwa na farasi. Mgongo wangu ulipokataa mizigo ya ghala la hapa Jeffersontown, nikawa nakaa barazani kama mzigo mwenyewe, ndipo jirani yetu Bwana Earl, aliyeishi kwa kuwapigilia farasi viatu, akanitia mkononi kipande cha chuma kilichopinda. Nilidhani ni mpini wa mlango! Alicheka mpaka akakohoa, kisha akanifundisha. Alisema usikisafishe kwa pupa, kisome kwanza. Kilichofuliwa kwa nyundo hakilingani pande zote, na matundu yake ya misumari yamekaa kila moja kivyake. Cha kiwandani kimelingana, mfereji wa misumari umenyooka, na mara nyingi kimepigwa namba ya kipimo, kama hivyo viatu mlivyovaa. Kilicho chembamba na kirefu ni cha nyumbu. Chenye meno chini kilivaliwa ili mnyama asiteleze. Mimi niliyekimbia nchi mbili bila kubeba hata sufuria, nilifurahi kuona kwamba ardhi inaweza kumtunzia mtu kitu chake.

Basi Pasaka iliyopita nikaenda na mashine yangu kwa Olivier. Ikalia kando ya ngazi ya mlango wa mbele, nikachimba, nikatoa kiatu kizima, nikakiloweka kwenye siki, na kutu ilipoachia nikaona namba tatu. Nikaingia nacho ndani nikichekelea, nikakiweka mezani pa chakula. Florida, wewe ulikuwapo. Ulipiga kelele hadi watoto wakaacha michezo yao.

Nami ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimefanya. Kwetu, mzee anayezunguka uani na kitu kinacholia, akainama, akafukua chuma mlangoni pa watu, huyo ni mfumu anayefichua uchawi, na kinachofuata ni kuuliza nani alizika. Kabla sijanawa udongo mlikuwa mmeshampigia Methodi simu, naye akakitazama kwenye kioo cha simu, hakukigusa hata kidogo, akasema namba tatu ni watoto watatu wa Aloisi, ndio ninyi, waliofungwa miguu na mtu wa ndani. Mtu wa ndani! Ndani ya nyumba ile nani hakuwa damu yetu? Adolphine peke yake, mke wa Olivier, binti wa Kivu, aliyekuwa amepoteza mimba mbili na bado machozi hayajamkauka. Mkasema amejifunga tumbo mwenyewe kwa uchawi wake, na kwamba ndiyo maana Olivier haji tena Buffalo kuwaona. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, wanangu, lakini kamba ile mliifunga ninyi.

Niliwaambia siku ileile, mkasema mzee hajui ya kiroho. Bon, kama anavyosema mkwe wangu, leo mtanisikiliza kwa lazima, kwa sababu ninakufa na hamna adabu ya kumkatiza anayekufa. Elisabeth, nipe kile chuma. Tazameni. Kimelingana, kina namba, kwa hiyo ni cha kiwandani, hakikufuliwa na mganga wa Kivu wala wa popote. Hiyo tatu ni kipimo cha kwato. Bwana Earl anavyo vingine vya tatu, na vya mbili, na vya nne. Je, navyo vimefunga watoto wa nani? Hapa mbele kimeliwa zaidi upande mmoja, maana yake kilitembea, kilivuta kazi miaka ile Hilliard ilipokuwa mashamba. Na misumari hii, gusa, Olivier, usiogope. Bado imo kwenye matundu na imepinda yote kuelekea upande mmoja. Mtu anayezika hirizi hamvishi kwanza farasi mguuni! Farasi alikwama kwenye tope, akavuta mguu, kiatu kikabaki. Kimelala pale tangu kabla ya trekta, kabla ya nyumba yako, kabla mama yake Adolphine hajazaliwa. Kitu chenye umri wa kumzidi mshitakiwa hakiwezi kuwa kazi yake. Methodi anijibu hilo, kisha aje anipake mafuta.

Olivier, ulimwacha mkeo afunge sanduku lake, ukatazama pembeni. Alikuja kwa kaka yake Paluku, Jeffersontown, na tangu siku hiyo, akitoka shifti ya kuwaogesha wazee wa watu, anakuja kunipikia. Nilimuuliza mara moja tu. Akaniambia, "Papa, ile chuma nimeiona siku moja na ninyi wote, donc basi mimi nitajibu nini?" Hakuwatukana. Mimi ningewatukana.

Maji kidogo, Elisabeth. Asante.

Florida. Mwanangu wa kwanza. Unamkumbuka bibi yako Kostansia, mama yangu mzazi. Kule kambini Tanzania walichimba nyuma ya kibanda chake wakatoa pembe, pembe ya ng'ombe tu, iliyotupwa na wachinjaji, wakasema ndiyo iliyokuwa ikiua watoto. Wakamfukuza. Ulikuwa msichana mdogo, na wewe ndiye uliyembebea mkeka njia nzima huku wanakurushia udongo, ukakataa kuutua, na hadi leo hatujui alizikwa wapi. Wewe, Florida! Ulipoubeba ule mkeka ulikuwa shujaa wangu. Sasa umekua, una nyumba, una gari, na umemrushia udongo mtoto wa mwenzio. Mkuki kwa nguruwe, eti. Inaniuma kuliko huu ugonjwa, nakwambia wazi mbele ya ndugu zako, inaniuma.

Nasema haya sasa, myashike. Mimi Aloisi sitaungama kwa Methodi kama anavyodai, na chuma hiki hakitatupwa mtoni wala hakitaombewa. Kama kanisa lake halitanizika kwa ajili hiyo, Mungu ana watu wengine wenye majembe. Sanduku la gereji ni la Adolphine, na hiki cha namba tatu kiwe juu yake, akiweke dirishani au akifanyie kizuizi cha mlango, apendavyo. Siku ya kunizika, udongo wa kwanza autupe yeye. Na siku ya kuondoa msiba, mtakapokusanyika kunywa, wa kwanza kushika chombo awe yeye, na asiyeweza kunywa baada yake asijiite wa kwangu.

Lakini siwezi kungoja siku hiyo nione. Pumzi... ngoja.

Adolphine, mama, leta uji. Kikombe kimoja. Njoo, pita katikati yao.

Najua mnachowaza. Tangu Pasaka Florida hajatia mdomoni chakula cha Adolphine, na mkisikia nimekufa baada ya kunywa mtasema ndiyo hiyo sumu. Basi nakunywa mbele yenu. Nikifa usiku huu, ni moyo, daktari alishawaambia. Msiniibie kifo changu mkampa mtu asiye na hatia.

Nimekunywa. Ni wa ulezi... ameutia sukari kidogo, anajua nipendavyo.

Olivier, pokea. Kwa mikono miwili. Mtazame mkeo ukinywa, si ukuta. Ndivyo... na mengine mtaongea wenyewe, akikubali. Asipokubali, ni haki yake.

Elisabeth... wewe sikuwa na shaka.

Florida. Kimebaki chako. Sitafumba macho mpaka... nimekataa. Nitakaa hivi hivi. Ulibeba mkeka, mama. Kikombe ni chepesi.

Usilie ndani yake, kunywa.

Ehe. Nimeona umemeza. Mshike Adolphine mkono basi, mrudishie kikombe mkononi mwake... vizuri.

Mungu aliyemwona Kostansia njiani awaone na ninyi. Nyumba zenu ziwe na kelele za watoto, na za wageni. Mlipo, Buffalo, Columbus, hapa... mkila, mle pamoja. Nimewabariki wote wanne. Nimesema wanne.

Sasa shusheni mto.