Bi Kafedha Gona, Mpimaji wa Mipira, Astaafishwa kwa Hiari

Baada ya miaka ishirini na mitatu ya utumishi katika Jabali Mipira na Vali, Changamwe, Bi Kafedha Gona alistaafu tarehe 31 Machi, akiwa na umri wa miaka arobaini na tisa. Salamu hizi zimechelewa miezi minne kwa sababu mhariri wa jarida letu naye alistaafu siku hiyo hiyo. Ana miaka thelathini na miwili.

Bi Kafedha alianza na kibarua cha kufagia karakana. Kwa kutazama tu, akajifunza kupima ile mipira mizito ya kupakulia mafuta: waujaza mpira maji kwa presha, wasubiri, ukivuja hauuzwi. Siku moja mpira ulipasuka ukawalowesha wageni watatu kutoka makao makuu. Aliwapa taulo, akaandika "Umefeli", akaagiza uletwe mwingine.

Mwaka huu maghala ya mafuta yalipunguza oda. Meneja wetu, Bwana Chrispine, alitukusanya akatwambia kwamba sisi ni familia moja, na kwamba thelathini kati yetu wataondoka. Bi Kafedha akanyoosha mkono.

"Familia gani hiyo, bwana, unga ukipungua mwafukuza watoto?"

Tulicheka. Bwana Chrispine hakucheka.

Wiki iliyofuata Bi Kafedha aliletewa vyeti vya mipira arobaini ambayo haijapimwa, atie saini tu, maana kupima kunakula muda.

"Mpira huu utakwenda kushikwa na mtoto wa mtu," alisema. "Saini yangu hamuipati."

Ijumaa jina lake likatokea kwenye orodha ya waliojitolea kustaafu. Uongozi umeeleza kuwa mambo hayo mawili hayahusiani kabisa, nasi twaamini, kwa kuwa bado tuna kazi.

Vyeti vilitiwa saini na mtu wa mauzo. Mteja aliirudisha mipira yote, akataka ipimwe na Bi Kafedha mwenyewe. Bwana Chrispine akampigia simu kumsihi arudi, akakuta mama ameshafungua karakana yake ya kupima mipira huko Mjambere, pamoja na wastaafu wenzake wawili.

"Ileteni," alimjibu, "lakini mtapanga foleni."

Jumatatu niliisindikiza mimi. Kumi na mmoja ilifeli, nikapewa chai.

Bi Kafedha, twakushukuru kwa kila mpira uliotukatalia. Mungu akupe afya na wateja tele. Barua yangu ya kuomba kazi nimeiacha mezani kwako, chini ya kikombe.

Absalom, Stoo