Kikombe Alichokiweka Chini: Kumuaga Abu Sakhr wa Langoni

Alhamisi ya mwisho ya mwezi Juni, shule yetu ya wavulana ilimuaga Bwana Hayel Mutlaq, mlinzi wa lango, baada ya miaka kumi na minne ya utumishi. Kabla ya kuja kwetu alitumikia jeshi miaka ishirini na sita, akatoka na cheo cha sajini-meja. Ukijumlisha, ni miaka arobaini ya kuamka kabla ya watu wengine. Sisi tunamwita Abu Sakhr, kwa jina la mwanawe wa kwanza, na katika makala haya nitamwita hivyo hivyo, maana habari zake hazisimuliki bila Sakhr.

Alizaliwa mashariki ya Karak, katika nyumba iliyokuwa na mbuzi wengi kuliko magodoro. Alijiunga na jeshi ndevu zikiwa bado zinasitasita kidevuni. Alilinda mpaka jangwani, alifundisha makuruta wasiohesabika kufunga kamba za buti, na makamanda wake walimpenda kwa sababu hakuwahi kuuliza kwa nini. Alivunjika mkono mara mbili. Amri hakuvunja hata moja.

Siku ya kustaafu jeshini walimpa cheti, saa ya mkononi na mkono wa kwaheri. Hapa naomba walimu vijana mnivumilie kidogo, kwa kuwa jambo hili halielezwi sana. Kumgeuza raia kuwa askari, jeshi hutumia miezi mingi, wakufunzi wakali, makelele, na ratiba iliyobandikwa ukutani. Kumgeuza askari kuwa raia hutumia asubuhi moja tu. Mtu anaingia ofisini akiwa askari, anatoka nje akiwa raia, na kichwani mwake hakuna kilichobadilika. Abu Sakhr mwenyewe aliwahi kuniambia, tukinywa chai kibandani kwake: "Ustadh, kuingia walinifundisha kila kitu. Kutoka walinionyesha mlango."

Mwezi wake wa kwanza uraiani majirani tuliujua wote, maana kuta zetu ni nyembamba. Alikuwa akiwaamsha watu wa nyumbani kabla ya adhana na kukagua vitanda. Mkewe, Um Sakhr, mwanamke ambaye ulimi wake haujawahi kustaafu, alivumilia wiki mbili.

"We mwanaume, hii nyumba au kambi?"

"Blanketi lina mkunjo."

"Mkunjo ni wangu, nimeukunja mwenyewe! Hebu nenda kalete mkate, utuache tupumue."

Akaenda kwa mwokaji. Mnakijua kiwanda chetu cha mikate: pale hakuna foleni, kuna viwiko. Abu Sakhr akasimama wima mbele ya dirisha, mikono ubavuni, akiwa foleni ya mtu mmoja. Watu wakampita kulia, wakampita kushoto, wakapitisha mikono juu ya mabega yake, na mikate ikaisha. Akarudi nyumbani mikono mitupu na kutoa taarifa: "Mkate umekwisha. Utaratibu hakuna." Um Sakhr alicheka mpaka akakaa chini. Nasi tulicheka. Tulidhani kutozoea uraia ni jambo la kuchekesha tu.

Mwaka ule ule Sakhr akataka kuoa.

Msichana aliitwa Ruba, binti wa Kanali Abu Rakan, naye kanali alikuwa ametangulia kustaafu. Vijana hao walisoma chuo kimoja, wakapendana kwa heshima. Mama wa msichana aliridhia. Kanali ndiye aliyekuwa mzito. Si kwamba alikataa. Alikuwa tu akibadilisha mazungumzo. Ikabaki kazi ya jaha, yaani ujumbe wa posa.

Kwa vijana ambao siku hizi mnaposa kwa simu, nieleze. Wanaume wa upande wa mvulana huenda pamoja kwa baba wa msichana, mmoja wao akitangulia. Kahawa chungu huletwa. Yule kiongozi hupokea kikombe na kukiweka chini bila kukigusa mdomoni, kisha husema: tuna haja kwako, hatunywi mpaka tujibiwe. Nguvu yote ya ujumbe iko katika kikombe kile. Hakuna mwenyeji anayetaka ivume mjini kwamba wageni waliondoka kwake kahawa ikiwa imepoa chini. Anapokubali husema, "Kunywa kahawa yako," na wanawake walio chumba cha pili hupiga vigelegele. Lakini aliyekunywa kabla ya kujibiwa amekwishaitupa silaha yake, na haja yake inabaki maneno matupu.

Kwa desturi tungetanguliza mzee maarufu wa ukoo. Mzee wetu alikuwa mgonjwa wa nyonga. Abu Sakhr akasema ataongoza mwenyewe. Mtu aliyeongoza kikosi hashindwi kuongoza majirani. Tukamletea joho la kuazima. Akalikataa. Akavaa koti lake la jeshi, vifungo vimesuguliwa vinang'aa, akasema, "Hili ndilo joho langu." Nadhani hapo ndipo jambo lilipoanza kuharibika, ingawa hakuna aliyeliona. Kumbe yule kanali aliwahi kuwa kamanda wake wa kikosi.

Tuliketi sebuleni kwa kanali, wanaume kama ishirini. Sakhr alikaa karibu na mlango, kama inavyompasa mwoaji, macho yake zuliani. Kahawa ikaja. Abu Sakhr akapokea kikombe, akaanza kuinama ili akiweke chini. Kanali akamtazama yule mtu, akalitazama na lile koti, akasema, haja ikiwa bado haijatajwa, kwa sauti ya uwanja wa gwaride:

"Kunywa kahawa yako, sajini-meja."

Hakusema Abu Sakhr. Alisema sajini-meja. Na sajini-meja akasimama, visigino vikagongana, akasema, "Ndiyo, afande," akaimeza yote kwa mkupuo mmoja. Kisha akakitikisa kikombe, ishara ya kwamba ametosheka, asiongezewe.

Mpaka leo watu wa mtaa wetu wanabishana kama kanali alikusudia au ulimi wake nao ulikuwa haujastaafu. Ninachojua ni kwamba hakuna kigelegele kilichosikika. Abu Sakhr aligundua alichofanya akiwa bado amesimama. Uso wake ulibadilika rangi, akaketi, akaanza kuomba haja kwa maneno mazuri aliyokuwa ameyakariri, kikombe kitupu kikiwa mkononi. Kanali akamsikiliza kwa adabu zote. Akasema sisi ni wageni wa baraka, na msichana bado anasoma, na Mungu akipenda tutazungumza. Hatukuzungumza tena. Masika yaliyofuata Ruba aliolewa Irbid na mfamasia.

Sakhr hakupiga kelele. Walipofika nyumbani siku ile alimuuliza baba yake swali moja, na Um Sakhr ndiye aliyetusimulia: "Baba, ulikuwa umeshastaafu. Nani alikuwa anakuamuru?"

Kabla mwaka haujaisha akaenda ng'ambo, Dammam, kutengeneza mitambo ya baridi. Amebaki huko, hajaoa. Kila Ijumaa hupiga simu kwa mama yake. Mama alikuwa akimpa baba simu kwa lazima.

"Unakula?"

"Nakula."

"Haya."

Kisha simu humrudia mama. Miaka yote hiyo, mazungumzo yao yalikuwa ya watu wawili wanaojaribu kama redio inashika.

Hapo ndipo Abu Sakhr alipokuja kwetu kuomba kazi ya lango. Wengi mnamkumbuka kwa mawe aliyoyapaka chokaa kutoka langoni hadi bendera, na kwa jinsi alivyosimama wima mbele ya mkuu wetu, Ustadh Nidhal, ambaye umri wake haufiki umri wa mabuti ya mzee. Kila asubuhi Ustadh Nidhal alisema, "Kaa, Abu Sakhr, tafadhali," na kila asubuhi alijibu, "Nimekaa, mkuu," akiwa amesimama. Mnakumbuka pia alivyokuwa akifunga lango kengele ikilia, hata mwalimu wa hesabu akabaki nje na mwavuli wake, akipunga mkono kama abiria aliyeachwa.

Tunamshukuru kwa mengi. Katika miaka yake hapakuibiwa hata mpira. Mizeituni ya ukuta wa kusini ameipanda yeye, imenyooka kama kikosi. Mwaka wa ule ugomvi mkubwa wa vijana wa mitaa miwili, alisimama katikati yao bila fimbo, akawaambia waliokunja ngumi wazikunjue na waliozikunjua waende darasani, nao wakaenda.

Lakini mimi namshukuru zaidi kwa kitu kingine, ambacho hakipewi cheti. Alikuwa anajifunza. Polepole sana, kama mtu mzima anayejifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, alikuwa anajifunza kuwa raia. Majira fulani ya baridi, theluji ilipozuia barabara, alilifungua lango hadi saa nne na kuwaambia waliochelewa kwamba saa yake imeharibika. Haikuwa imeharibika. Na siku nyingine alikuja ofisi ya walimu amekumbatia mikate inayofuka moshi, uso unawaka: "Ustadh, leo nimesukuma! Nimemsukuma hata mama mmoja, Mungu anisamehe!" Tulikula mkate ule kama karamu. Yeye alikula kidogo, kisha akasema, "Nimejifunza, lakini nimejifunza mkate." Hakuna aliyemuuliza alichomaanisha. Tulijua ni kikombe kilichobaki.

Sasa nieleze sherehe yenyewe, kwa ajili ya waliokuwa likizo.

Wanafunzi walikuwa wamekwishaondoka. Masinia ya mansaf, wali kwa nyama ya kondoo iliyopikwa kwa mtindi, yaliwekwa ukumbini, na Ustadh Nidhal akamvisha Abu Sakhr joho jeusi lenye uzi wa dhahabu, zawadi yetu sote. Safari hii hakulikataa. Alilishika ukingoni kwa vidole, kama mtu anayepima kitambaa dukani. Sakhr alikuwepo. Mama yake alimpigia akamwambia, "Baba yako anastaafu mara ya pili, mara ya kwanza hakuna aliyemfundisha, njoo umwone ya pili." Alifika Jumatano. Alikaa karibu na mlango, nywele zimeanza mvi juu ya masikio.

Baada ya chakula, kahawa. Mwalimu wetu wa michezo, Awwad, alianza kumimina kwa mgeni wa heshima. Abu Sakhr akapokea kikombe kwa mkono wa kulia, akainama, akakiweka chini juu ya zulia, mbele ya miguu yake.

Ustadh Nidhal alidhani mzee anataka kumwombea kazi mtu wa kwao. "Sema haja yako, Abu Sakhr," akasema akicheka. "Imeshakubaliwa."

"Haja yangu si kwako, mkuu. Iko kwa yule pale." Akageukia mlangoni. "Sakhr, mwanangu. Nilipaswa kwenda kukuposea nikiwa baba yako. Nilikwenda sajini-meja. Nimekuja kukuomba radhi. Sinywi mpaka unijibu."

Sakhr aliona haya, mbele ya watu wote wale. "Baba, mimi sina binti wa kukupa." Wachache wakacheka, kicheko cha kutafuta pa kutokea. "Kunywa kahawa yako. Itapoa."

Sisi tuliokuwepo kwa kanali tulitazamana, maana maneno ni yale yale. Na tuliuona mkono wa Abu Sakhr ukitoka kwenye joho, ukashuka hadi gotini, wenyewe, kama ulivyofundishwa. Hapo ukasimama. Akaurudisha.

"Ipoe," akasema.

"Baba, watu wanatazama."

"Watazame. Siku ile pia walitazama."

Nimemjua mtu huyu maisha yangu yote ya utu uzima, na sijawahi kumwona akiamriwa jambo asilifanye. Sakhr naye hakuwa amewahi. Alimkodolea macho baba yake, akainuka, akapita katikati yetu, akachuchumaa mbele ya kile kikombe.

"Ungengoja hivi siku ile," akasema.

"Ningengoja hivi siku ile," baba akajibu.

Sakhr akakiokota kikombe, akampa kwa mkono wa kulia. "Umepewa, baba. Sasa kunywa."

Akanywa, taratibu, kahawa iliyokwisha kupoa. Alipomaliza hakukitikisa kikombe. Alikinyoosha tu mbele, na Awwad, anayezijua mila, akammiminia nyingine ya moto.

Sitawadanganya, wenzangu, kwamba yote yamepona. Ruba ana watoto watatu Irbid, na Mungu awakuze. Sakhr alirudi Dammam Jumamosi. Miaka kumi na minne ya "unakula, nakula" haijazwi na kikombe kimoja, na mimi nasikitika kwamba mtu mwema ilimbidi ajifunze peke yake, langoni kwa watoto wa watu, jambo ambalo angefundishwa kwa wakati kama kungekuwa na yeyote kati yetu aliyejua kwamba linafundishwa.

Abu Sakhr, ahsante kwa lango, kwa mizeituni, na kwa ile saa iliyoharibika siku ya theluji. Mawe yako tutayapaka chokaa, japo si kwa unyoofu wako. Nasi tunakuombea asubuhi ndefu za kulala, blanketi lenye mikunjo, mkate wa moto bila foleni, na simu ya Ijumaa ambayo hakuna mwenye haraka ya kuirudisha kwa mama.